Sura ya Sita: Kiti Kisicho na Besi

Inspekta alikaa kwenye kiti cha marehemu, akaegemea, akamwambia Sajini awashe muziki.

"Kwa sauti ya siku ile, afande?"

"Ya siku ile ile. Mkewe alisema alipozima alikuta kitufe kimesimama wapi?"

"Kimepita katikati kidogo."

"Basi kipeleke hapo."

Lilianza gitaa, zikafuata ngoma, kisha besi ikaja chini kwa chini, nene, ikapanda kupitia miguu ya kiti hadi kifuani. Inspekta hakuwa mtu wa muziki. Redio ya kwake kazi yake ilikuwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Alichukua karatasi ya maelezo ya mpwa wa marehemu aliyokuwa ameilaza mapajani, akaisoma kwa sauti ya kushindana na spika.

"'Nilikaa kwenye kiti cha mjomba tangu Mama alipotoka mpaka aliporudi. Sikuinuka hata mara moja. Besi ilikuwa inanipiga kifuani, dirisha linalia ngarangara kama linataka kung'oka. Ningesikiaje mtu akianguka?'"

"Na wewe inakupiga kifuani?"

"Inanipiga kweli." Inspekta aliinua kidole. "Lakini nionyeshe dirisha linalolia."

Chumba kilikuwa na dirisha moja tu. Sajini alilikaribia, akabandika kiganja kwenye kioo, kisha sikio. Akatikisa kichwa. Kioo kilikuwa kimetulia tuli.

"Zima."

Mtaani marehemu walimwita Nahodha. Ujanani alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya kiwanda, na hakuna aliyekumbuka kumvua cheo hicho hata alipoota mvi. Alipostaafu alikitengeneza chumba hiki cha chini kwa kazi moja tu, kusikiliza muziki. Alhamisi mchana mkewe alitoka kwenda kumjulia hali mgonjwa. Aliporudi alimkuta mumewe chini ya ngazi, kichwa kimepasuka, hajitambui, muziki unaendelea kama hakuna kilichotokea. Mpwa wao, mtu mzima waliyemlea tangu utotoni, alitoka chumba cha muziki aliposikia yowe lake. Jumapili Nahodha akafia hospitali.

Kila mtu alisema ameteleza. Mkewe alikuwa amepiga deki ngazi kabla ya kutoka, na dada za marehemu hawakungoja hata matanga yaishe. Walimwambia mbele za watu, wewe na deki yako. Tangu hapo mama wa watu hakula wala hakulala.

Jalada lingefungwa hapo. Lakini daktari aliyeuchunguza mwili alikuta alama za vidole vinne kwenye mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mtu anayeteleza peke yake hajishiki hivyo. Aliandika na jambo jingine: damu ilivuja ndani ya kichwa polepole. Angewahishwa, pengine angepona.

"Afande, njoo uone hapa," Sajini aliita.

Alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta. Zulia lilikuwa la manyoya marefu, la kijivu, na pembezoni mwa chumba manyoya hayo yalikuwa yamelala, mistari miwili sambamba, ikizunguka samani kama njia ya siafu.

"Haya ni magoti," alisema. "Kuna mtu ametambaa humu. Na kiti ulichokalia nimekiangalia kabla hujaketi, mto wake umebonyea pembe nne. Si makalio ya mtu yale. Mimi nasema Nahodha alipigiwa humu humu, akatambaa kutafuta mlango, ndipo wakamtoa wakamlaza chini ya ngazi."

"Mtu anayetafuta mlango anazunguka chumba kizima na mlango ameupita?"

Inspekta alipiga magoti naye, ila yeye hakuangalia mistari. Ukutani kulikuwa na masanduku mawili meusi ya mraba, moja kila upande, na moja lilikuwa bado na nailoni ya kiwandani pembeni. Katikati, chini ya kabati la sahani za santuri, zulia lilikuwa na mashimo manne yaliyozama, ya kitu kizito kilichokaa hapo miaka. Na kule kona ya mlangoni, upande wa ngazi, alikuta mashimo mengine manne, umbali ule ule baina yake, lakini mepesi. Manyoya yalikuwa yameshaanza kuinuka.

"Kitu kilekile," alisema. "Hapa kimekaa miaka. Hapa kimekaa siku moja. Na sasa hakipo."

Walimwuliza mjane. Alikuwa ameketi chumbani juu, kanga imefunika mabega, macho yamevimba.

"Mwanangu, mashine zile mimi sizijui hata majina," alimjibu Inspekta. "Mimi nilikuwa nafuta vumbi tu, na hata vumbi nilikuwa nafuta kwa ruhusa. Mwulizeni fundi wake. Anaitwa Twita, nasikia Ijumaa asubuhi alikuja hapa."

*

Twita alikuwa pande la mtu, shingo kama gogo, na sauti nyembamba ya kitoto. Kwa sababu ya sauti hiyo mtaa ulimpa jina la kile kispika kidogo cha sauti za juu. Duka lake lilikuwa limejaa masanduku mpaka mlangoni. Sajini alikosa pa kusimama, akaegemea sanduku moja kubwa lililofunikwa gunia.

"Ijumaa asubuhi ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Kwa Nahodha. Nilimpelekea mzigo wake."

"Nahodha alikuwa hoi kitandani hospitali."

"Sikujua kama ni hoi." Twita alijifuta uso. "Kijana wake, yule mpwa, ndiye alinifungulia. Akaniambia, 'Mjomba yuko hospitali, si kitu kikubwa, wewe fanya kazi yako.' Nikafanya. Ningejua mwenzangu yuko katika hali ile ningeshika hata bisibisi, afande?"

"Kiti chake ulikifanya nini?"

"Nilikalisha sabufa, ile spika ya besi."

Sajini aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Ulikalisha sabufa kwenye kiti?"

"Ndiyo inavyofanywa. Hujui sabufa ikae wapi katika chumba, basi unaiweka pale atakapokaa msikilizaji, unawasha wimbo wenye besi, halafu wewe mwenyewe unatambaa kuzunguka kuta na sikio lako liko chini. Pale besi inapokuja safi, haivumi wala haikatiki, ndipo mahali pake. Unaitoa kitini unaiweka hapo. Watu wakiniona wanacheka, mtu mzima na tumbo lake anatambaa kama mtoto, lakini kazi inatoka."

"Kwa hiyo magoti yale kwenye zulia..."

"Ya nani tena? Suruali yenyewe hii hapa, imeota manyoya ya kijivu."

Sajini alipiga mstari juu ya alichokuwa ameandika, taratibu, bila kumtazama bosi wake.

"Tuanze mwanzo," Inspekta alisema. "Alitaka nini Nahodha?"

Hapo Twita alipata nguvu. Alieleza kwa mikono miwili. Nahodha alikuwa na sabufa moja kubwa, ya kutosha ukumbi wa harusi, ndani ya chumba cha kulala kilichogeuzwa. "Nilimwambia mara ngapi, mzee, hili ni lori na wewe unalipaki sebuleni. Linavuma tu, nota huzipati. Tuchukue mbili ndogo, za sanduku lililozibwa. Moja ikiacha shimo, nyingine inaliziba."

"Shimo la nini?"

"La besi. Sikiliza, afande. Besi wimbi lake ni refu. Linakwenda, linagonga ukuta, linarudi, linakutana na mwenzake njiani. Wakisukuma pamoja, besi inakuwa maradufu. Wakipingana, wanauana. Ndiyo maana katika chumba kimoja, ukikaa hapa hupati kitu, na mwenzako aliye nje ya mlango anaomba dua nyumba isimwangukie. Karibu na kuta na kwenye kona ndiko inakojaa. Katikati ya chumba ndiko inakofia."

Inspekta alikuwa ameacha kuangalia bidhaa. "Alhamisi ile sabufa kubwa ilikuwa wapi?"

"Miaka yote ilikuwa chini ya kabati. Ila Alhamisi mchana alinipigia, hana subira yule, anataka mzigo wake leo leo. Nikamwambia haujafika, lakini wakati unangoja, ihamishe ukaijaribu kona ya mlangoni. Kusema kweli nilikosea, kona ile haifai. Akanipigia tena anahema, ananitukana. 'Twita, kwenye kiti imekufa kabisa! Gitaa nasikia, besi hakuna, kama umekata waya!' Nikacheka. Nikamwambia iache hapo hapo usije ukaumia mgongo, kesho nakuja."

"Kwa nini aumie mgongo? Hakuwa na msaidizi?"

"Ndivyo nami nilivyomwuliza. Akasema mama katoka na kijana katoka, yuko peke yake na lori lake."

"Rudia hapo."

Twita alirudia, neno kwa neno. Inspekta hakuandika kitu. Alimtazama Sajini mpaka Sajini akaandika.

"Na hiyo sabufa sasa iko wapi? Tunaihitaji, na wewe pia tunakuhitaji."

"Si hiyo aliyoiegemea kijana wako."

*

Waliibeba watu watatu. Twita aliiweka kona ya mlangoni, akainama akaisogeza mpaka miguu yake minne ikaingia kwenye mashimo mepesi ya zulia. Akachomoa nyaya za zile mbili mpya, akaunga ya zamani. Nyuma yake kulikuwa na vitufe viwili na swichi ndogo ya kugeuza mwendo wa koni, ule mdomo wa spika unaotetema.

"Usitengeneze," Inspekta alimwonya. "Viache kama ulivyovikuta Ijumaa."

"Nimeviacha. Vinaniuma macho, lakini nimeviacha."

Mlango ukafungwa. Wimbo ulikuwa ule ule, kitufe kikapita katikati kidogo. Inspekta akakaa kitini.

Gitaa lilikuja. Sauti ya mwimbaji ikaja, na kijiti cha ngoma. Chini yake hakukuwa na kitu. Aliweka kiganja kifuani, akangoja. Akamketisha Sajini.

"Hii redio ya mfukoni, afande," Sajini alisema. "Haipigi mtu kifuani hii. Haipigi hata nzi."

Inspekta alimwacha hapo, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake, akaanza kupanda ngazi. Ngazi ya tatu, alihisi mtetemo chini ya soli. Alipofika juu, ngazi inapokata kuelekea vyumbani, besi ilikuwa imejaa kama maji kwenye pipa; nguzo ya kushikilia ilitetemeka mkononi mwake, na kifua kikapigwa hasa. Pembeni yake, dirisha dogo la ngazini lilikuwa linalia. Gundi yake ilikuwa imekauka na kupasuka, kioo kinacheza ndani ya fremu. Ngarangara, ngarangara.

Alipiga kelele Twita ashushe sauti. Ikashuka. Kioo kikaendelea. Ikashuka tena, kikaendelea, ila kwa uvivu.

Mjane alifungua mlango wa chumba chake. "Nini hicho?"

"Dirisha, Mama. Hujawahi kulisikia?"

"Hili?" Alilitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. "Nalifuta mimi. Muziki wake umepigwa nyumba hii miaka na miaka, halijawahi kulia."

"Alhamisi ulipotoka, sabufa ilikuwa wapi? Lile sanduku kubwa."

"Si chini ya kabati? Nililifuta vumbi asubuhi ile ile."

Inspekta aliteremka. Sajini alikuwa bado kitini.

"Umesikia dirisha?"

"Dirisha lipi, afande?"

*

Mpwa alikuwa jikoni, anapika uji wa mjane. Alikuwa ameupika kila siku tangu msiba, na majirani walimsifu kwa hilo. Alikuja na kikombe mkononi. Mjane naye alikuwa ameshuka, amesimama kando ya kabati. Inspekta alimwomba arudi juu, akakataa kwa kichwa.

"Kaa," Inspekta alimwambia mpwa. "Hapo ulipokaa Alhamisi."

Alikaa. Kikombe akakiweka sakafuni. Inspekta alimpa Twita ishara, muziki ukaanza.

"Nitakusomea maelezo yako. Uniambie kama ndivyo. 'Nilikaa kwenye kiti cha mjomba tangu Mama alipotoka.' Ndivyo?"

"Ndivyo."

"'Sikuinuka hata mara moja.'"

"Ndiyo."

"'Besi ilikuwa inanipiga kifuani.'" Akaishusha karatasi. "Inakupiga?"

Mpwa alitega sikio. Alimtazama Twita, akalitazama sanduku kubwa la kona ya mlangoni. "Leo ameipunguza."

"Sijagusa kitu," Twita alisema. "Sauti ni ile ile, mahali ni pale pale. Hapo kitini haijafika, wala Alhamisi haikufika. Nahodha mwenyewe alinipigia akalalamika."

"Basi labda nimechanganya. Siku ile ile mtu kaanguka, nitakumbuka kila kitu?"

"Hukuchanganya," Inspekta alisema. "Besi ilikupiga kweli na dirisha ulilisikia kweli. Ila siyo hapa. Dirisha linalolia liko juu ya ngazi. Mama alipotoka lilikuwa halilii, kwa sababu sabufa ilikuwa bado chini ya kabati. Mjomba wako aliihamisha baadaye, peke yake, wewe hukuwepo. Ulipoingia, muziki unacheza. Hukuingia humu. Ulipanda juu. Ulisimama kwenye ngazi kwa muda wa kutosha kujua dirisha linalia vipi."

Mpwa alikiangalia kikombe cha uji.

"Daktari amekuta vidole vinne mkononi mwake," Inspekta aliongeza. "Tunaweza kuvipima."

"Nilimkamata asianguke," mpwa alisema haraka.

"Kwa hiyo ulikuwepo."

Sajini alishusha muziki mpaka ukabaki mnong'ono.

"Alinipa mpaka mwisho wa mwezi nihame," mpwa alisema. Sauti ilitoka kavu. "Chumba hiki kilikuwa changu. Nimelala humu tangu darasa la pili. Akanihamishia kichumba cha juu kwa ajili ya masanduku, nikanyamaza. Alhamisi namkuta juu ya ngazi, amesimama anasikiliza besi yake, anacheka peke yake kama mtoto. Ananiambia afadhali umekuja, na kile kichumba nacho nakitaka, wewe sasa mtu mzima, tafuta kwako. Nikamshika mkono nimwambie anisikilize. Akajivuta. Na mimi nikamsukuma. Sikukusudia."

"Ngazi zilikuwa na maji?" Mjane ndiye aliyeuliza.

Mpwa alimtazama Inspekta.

"Nakuuliza wewe. Zilikuwa na maji?"

"Zilikuwa zimekauka, Mama. Zamani."

Mjane aliushika ukingo wa kabati. "Wifi zangu walinisema pale sebuleni. Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu. Ukanishika bega, ukaniambia nisijilaumu."

"Mama..."

"Usiniite hivyo kwanza."

Inspekta aliingilia kati, kwa sauti ya kawaida. "Alipoanguka, ulishuka?"

"Nilishuka. Nikampita. Nikaja huku."

"Ukakaa kitini?"

"Nilisimama pale." Alionyesha amplifaya, mashine yenye kile kitufe, iliyokuwa ukutani, hatua chache kutoka kona. "Sikukaa kabisa. Nilisimama tu mpaka Mama aliporudi."

"Alikuwa anajitambua?"

"Sijui."

"Mtu amelala hatua chache kutoka mlango huu, muda wote ule, na hujui? Alisema chochote?"

Mpwa alifunika uso kwa viganja. Twita alikuwa amegeukia ukutani.

"Aliniita," alisema ndani ya viganja. "Jina langu. Mara moja, halafu tena."

"Na wewe ukafanya nini?"

"Niliongeza sauti."

Kalamu ya Sajini ilisimama juu ya karatasi. Mjane alitembea polepole mpaka mbele ya kiti, akainama, akakiokota kile kikombe cha uji kutoka miguuni pa mpwa wake kabla hakijamwagika, akakishika kwa mikono miwili.

"Mwandike," alimwambia Sajini. "Hivyo hivyo alivyosema. Usimpunguzie neno."